Kifua kilipobana, kila mtu akasema corona

Februari ya mwaka 2021, ukiwa Dar es Salaam na kifua kikakubana, ugonjwa wako ulikuwa umeshajulikana kabla hujafika hospitali. Jirani ameujua, dereva wa bajaji ameujua, mlinzi wa getini naye ameujua. Takwimu za corona zilikuwa hazitangazwi tena tangu Mei 2020, zilipokomea kwenye wagonjwa 509, lakini misiba haikungoja kutangazwa. Tarehe 17 mwezi ule tuliwapoteza kwa siku moja Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Mitaani watu walitaja "changamoto ya upumuaji" kwa sauti ya chini, wakachemsha tangawizi na malimao, wakajifukiza.

Katikati ya hayo Baba yangu akapata mshtuko wa moyo, na kwa zaidi ya nusu siku hakuna aliyeutibu moyo wake. Alitibiwa corona ambayo hakuwa nayo. Tangu wakati ule kila ndugu au rafiki ambaye mzazi wake anakatwa na pumzi hunipigia kuuliza tulifanyaje, na kila mara naanza upya kusimulia. Nimeona niandike mara moja.

Baba ni mwalimu mstaafu. Ana kisukari cha siku nyingi, na presha ambayo huikumbuka akiumwa kichwa. Usiku ule aliamka akasema gesi imemjaa. Akanywa dawa ya kiungulia, akatembea sebuleni, akarudi kukaa kitandani. Hakushika kifua akaanguka kama tunavyoona kwenye filamu. Alisema anasikia uzito hapa kwenye chembe cha moyo, na bega la kushoto limechoka utadhani amelima. Mama anasema kilichomshangaza ni fulana: ilikuwa imeloa chepechepe, ya kukamua, na feni ilikuwa inazunguka kwa kasi ya mwisho.

Baadaye daktari wa moyo alitueleza jambo ambalo nalirudia kwa kila mwenye mzazi wa kisukari. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, kwa hiyo yale maumivu makali ya kifua huenda mgonjwa asiyasikie kabisa. Anachopata ni pumzi kukatika, jasho la baridi, kichefuchefu, uchovu usioeleweka, au hicho kinachoitwa gesi. Wazee na wanawake pia huwatokea hivyo mara nyingi. Jasho la namna ile kwa mtu asiye na homa, peke yake, lilitosha kututoa nyumbani usiku uleule.

Lakini hatukutoka, na sababu ilikuwa Baba mwenyewe. Alisema, "Mkinipeleka huko mtanirudisha kwenye nailoni." Wiki ile mtaani kwetu tulikuwa tumezika watu walioingia hospitali kwa miguu yao, na maiti zao hatukuruhusiwa kuziosha. Usimcheke mzee kwa hofu hiyo. Uingereza, ambako gari la wagonjwa huja bure, idadi ya waliolazwa kwa mshtuko wa moyo na maradhi ya jamii yake ilishuka kwa karibu asilimia 40 kufikia mwisho wa Machi 2020. Haikuwa kwamba mioyo imepona. Watu walibaki vyumbani mwao kwa hofu hiihii.

Asubuhi Mama akabandika sufuria. Mchaichai, mwarobaini, majani ya mpera, mkaratusi, maganda ya limao. Baba akakalishwa kwenye kigoda, sufuria katikati ya miguu, akafunikwa blanketi mpaka chini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nikawa namsikia akivuta pumzi fupifupi, kisha akasema, "Mama watoto, nifunue." Mama akamjibu kwa upole, "Vumilia kidogo Mwalimu, dawa ndiyo kwanza inaingia." Alipofunuliwa hakuwa na ule wekundu wa mtu aliyetoka kwenye mvuke. Midomo ilikuwa ya kijivu. Akataka kuinuka, akaushika ukuta, akateremka nao taratibu mpaka sakafuni, huku anasema yuko sawa.

Simlaumu Mama, na sina ugomvi na nyungu kwa mwenye mafua. Ila kwa moyo ulioziba mshipa, joto lile ni mzigo juu ya mzigo: mishipa ya damu inatanuka, presha inaanguka, maji yanatoka kwa jasho, na moyo ambao tayari umekosa damu unalazimika kwenda mbio. Mwenye maradhi ya moyo, presha au kisukari anayekatwa na pumzi asifunikwe blanketi. Kwetu hiyo sasa ni sheria ya nyumba, na Mama ndiye mkali wake.

Tukaenda zahanati ya jirani kwa bajaji. Kidole kikabanwa na kile kimashine, kikaonyesha oksijeni 94. Malaria hakuna. Sukari juu. Tabibu akasema mzee ameishiwa maji kwa kujifukiza, kwa hiyo apewe dripu, akamwandikia na azithromycin, dawa ya kuua bakteria, maana "ndiyo inayowasaidia wengi siku hizi". Dripu ilipofika katikati Baba akawa hawezi tena kulala chali. Akaomba mto, akaomba wa pili, mwishoni akakaa kabisa na miguu ikining'inia. Muuguzi mmoja, kwa nia njema tu, akamshauri alale kifudifudi kama wagonjwa wa corona wanavyofundishwa. Baba akamwambia, "Mwanangu, nikilala nazama."

Neno hilo ndilo lilikuwa jibu lenyewe, na hakuna aliyelisikia. Moyo ukishindwa kusukuma, maji yanarudi nyuma na kujaa kwenye mapafu. Mgonjwa akilala yanapanda, akikaa yanashuka. Kumwongezea maji kwa dripu ni kumzamisha zaidi. Siwezi kumwambia mtu akatae dripu, mimi si daktari. Lakini mgonjwa wako akianza kupumua kwa shida zaidi wakati dripu inaingia, ita mtu palepale, usingoje iishe.

Kutoka pale tukampeleka hospitali kubwa zaidi mjini, ya kulipia, kwa sababu tulisikia wana vitanda. Sitaitaja. Getini walimpima joto kwa paji la uso, 36 na pointi. Hakuwa na homa. Hakuwa na kikohozi. Chai alikuwa ameisikia harufu na ladha. Lakini mlinzi aliuliza swali moja tu, "Anabanwa kifua?" Tukasema ndiyo, akaelekeza baiskeli ya wagonjwa kwenye jengo la nyuma. Ndugu tukabaki nje ya utepe.

Hapo ndipo fedha zilipoanza kutoka. Kadi ya bima ya afya ya mstaafu tulikuwa nayo, ila dirishani tukaambiwa upande ule wanapokea fedha taslimu. Amana milioni moja kabla hajapewa kitanda. Kisha CT scan ya kifua, laki tatu na ushee. Picha ikaonyesha weupe kwenye mapafu yote mawili, ikasomwa kuwa ni corona. Baadaye tulielezwa kwamba maji yaliyotokana na moyo kushindwa nayo huleta weupe kwenye picha, na msomaji aliyeona picha za corona mchana kutwa anaweza kuona corona nyingine. Sampuli ya corona ilichukuliwa, majibu tusubiri.

Tukatakiwa tujiandae kwa mtungi wa oksijeni endapo ya hospitali ingepungua. Wakati ule mitungi ilikuwa inasakwa Dar nzima. Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia kaka yangu aliyeko Muscat akawa anatuma fedha, mdogo wangu anazunguka Kariakoo na Buguruni kwa pikipiki, shemeji anapiga simu kwa mtu anayemjua mtu. Mtungi ukapatikana kwa laki sita, hela ya kukodi tu. Haukufunguliwa. Kwa mshtuko wa moyo oksijeni ya ziada inahitajika pale kipimo kinaposhuka chini ya 90, na Baba hakuwahi kufika huko. Siku nzima familia yenye watu wenye akili zao ilikimbilia kitu ambacho mgonjwa hakukihitaji, huku kipimo alichokihitaji kikiwa jengo la pili.

Aliyetuokoa ni mtoto wa shangazi, muuguzi wa mapokezi ya dharura huko Mbeya. Alipiga simu jioni kutoa pole tu. Badala ya pole akaanza maswali. Ana homa? Hapana. Anakohoa? Hapana. Jasho? Jingi. Anaweza kulala chali? Hawezi. Mjomba si ana kisukari? Anacho. ECG wamepiga? Nikamuuliza ECG ndiyo ipi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, achaneni na mtungi. Nenda kawaambie wampime moyo sasa hivi. Wakitoa karatasi, ipige picha unitumie."

ECG ni kipimo cha umeme wa moyo. Wanabandika vitu vidogo vinavyonata kifuani, mikononi na miguuni, mashine inachora mistari kwenye karatasi ya vijimraba. Hakichomi, hakina mionzi, kinachukua dakika chache. Bei yake kwetu haikufika hata robo ya ile CT. Utaratibu wa kitabibu duniani ni kwamba mtu anayebanwa kifua apigwe ECG ndani ya dakika 10 tangu afike. Corona au si corona, dakika 10 ni zilezile.

Nikarudi kwenye utepe. Namna ya kusema ilikuwa na umuhimu, kwa sababu daktari aliyekuja alikuwa kijana, amevaa yale mavazi ya plastiki, kioo cha usoni kimejaa ukungu wa jasho lake mwenyewe, na nyuma yake wagonjwa wamejaa. Sikumwambia mmekosea. Nilisema hivi: "Dokta, samahani, Baba ana kisukari, jasho limemtoka tangu usiku, hawezi kulala chali, na hana homa. Naomba apimwe ECG." Akanitazama. Akasema mashine iko jengo lingine, na ikiingia huku ni lazima isafishwe yote ndipo irudi, ndiyo maana huwa hawaiiti kwa kila mtu. Nikasema naelewa, naomba. Akaenda kuiita.

Ukiwa katika hali hiyo, mpe daktari dalili kwa mpangilio, usimpe jina la ugonjwa. Ukisema "nahisi ni moyo" unaweza kujibiwa "wewe ni daktari?" Ukitaja kisukari, jasho, saa yalipoanza na kutoweza kulala, anaunganisha mwenyewe. Ukiomba kipimo kwa jina lake, ni vigumu akunyime.

Karatasi ilipotoka sikuhitaji tafsiri ya Mbeya, nilisoma kwenye mwendo wa watu. Wale waliokuwa wanatembea wakaanza kukimbia. Baba akapewa aspirini miligramu 300 akaambiwa aitafune, asimeze nzima. Clopidogrel, nayo ya kuzuia damu kuganda, vidonge kadhaa kwa mpigo. Sindano ya kuzuia damu kuganda, chini ya ngozi ya tumbo. Na sindano ya Lasix, ya kutoa maji. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiona kazi yake kwa macho: ule mfuko wa mkojo uliokuwa na vijiko viwili ukaanza kujaa, ukajaa, wakaubadilisha, na Baba ambaye tangu asubuhi alikuwa anaongea kwa neno mojamoja akasema sentensi nzima ya kwanza. Aliuliza, "Nani amefunga geti nyumbani?"

Kipimo cha damu kiitwacho troponini, kinachoonyesha kama misuli ya moyo imeumia, nacho kikarudi kiko juu. Daktari akatufafanulia kwamba corona kali nayo inaweza kukipandisha, na hata corona yenyewe inaweza kumletea mtu mshtuko wa moyo kwa sababu inafanya damu igande, hivyo damu peke yake isingetosha. ECG ndiyo iliyokata mzizi wa fitina. Majibu ya corona, yalipokuja, Baba alikuwa ameshahamishwa. Hakuwa nayo.

Kulikuwa na habari mbaya. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa moyo, streptokinase ni mojawapo, inaingizwa kwa mshipa na haihitaji mtambo mkubwa. Lakini inasaidia hasa katika saa za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake inakuwa imepungua sana huku hatari ya kuvuja damu ikibaki palepale. Sisi zile saa tulizimalizia kwenye gesi, nyungu, dripu na CT. Saa hizo zinahesabiwa tangu dalili ianze, si tangu mfike hospitali. Kwa hiyo andikeni saa. Tulipoulizwa "yalianza saa ngapi?" Mama alisema alfajiri, mimi nikasema usiku wa manane, na tofauti ile ndiyo iliyokuwa ikiamua dawa.

Ikabaki njia moja: apelekwe penye mtambo wa kuchunguza na kuzibua mishipa. Dar, kwa upande wa serikali, hiyo ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ndani ya eneo la Muhimbili kule Upanga. Ilianzishwa mwaka 2015, na kabla yake wagonjwa wengi wa namna hii walipelekwa India. Jiulize mwaka ule wa corona, viwanja vya ndege vikiwa na masharti hayo, ingekuwaje.

Kuhamisha mgonjwa usiku kuna mambo yake. Msiondoke mpaka daktari wa huku azungumze na daktari wa kule na kitanda kithibitishwe. Msikodi Noah hata kama ni nafuu: safirini na gari la wagonjwa lenye muuguzi, kwa sababu moyo ulioumia unaweza kubadili mapigo ghafla njiani. Mkononi shikeni barua ya rufaa, karatasi ya ECG yenyewe na picha yake kwenye simu, majina ya dawa alizopewa na saa alizopewa, kadi ya bima, kitambulisho, na orodha ya dawa anazotumia nyumbani. Dawa za nyumbani za Baba mimi nilikuwa najua rangi tu. Tangu siku ile kila mzee wetu ana karatasi ya dawa zake, na nakala iko kwenye simu zetu.

Amana iliyobaki ya kule tulikotoka tuliifuatilia kwa wiki nyingi. Ombeni hesabu iliyoandikwa siku ya kuondoka, hata kama mna haraka, hata kama mhasibu ameshafunga.

Kwenye mtambo sitakaa sana, kwa sababu sehemu hii ilikwenda vizuri, na jambo lililokwenda vizuri halina mengi ya kusimulia. Wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, mgonjwa akiwa macho, wanaingiza dawa ya rangi, wanaona palipoziba. Mshipa mkubwa wa mbele ulikuwa umeziba. Wakautanua kwa kiputo, wakaweka stenti, kile kichuma cha kuuzuia usizibe tena. Cha kukumbuka ni figo. Ile dawa ya rangi hupita kwenye figo, na mwenye kisukari huenda figo zake zimechoka, kwa hiyo huangaliwa kwanza kwa kipimo cha kreatinini, na metformin, dawa ya kisukari, huweza kusimamishwa kwa muda. Semeni mapema kama mgonjwa anaitumia, kwa sababu kwenye harakati zile huenda asiulizwe.

Kuhusu bima, sehemu ikalipa, sehemu tukalipa. Ulizeni kabla, na ulizeni kwa kitu kimojakimoja: kitanda, mtambo, stenti, dawa za kwenda nazo nyumbani. Nilipokaa kupiga hesabu ya tulichotoa mfukoni, zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda upande wa corona. Amana, CT, mtungi, barakoa, bajaji na bodaboda za kuzunguka mji. Moyo wenyewe ndio uliotugharimu kidogo.

Fedha ikaleta maneno, nalo nalisema. Kaka wa Muscat alikuwa anatuma lakini hawezi kuja, na kila akituma anauliza, "Sasa mtungi umerudishwa?" Mdogo wangu aliyeutafuta mtungi kwa jasho akachukulia ni shutuma. Wakanuniana kwenye kundi mbele ya mashangazi na wajomba. Ilibidi nimteue shemeji mmoja, asiye na upande, awe mweka hazina, anaandika kilichoingia na kilichotoka kila jioni. Fanyeni hivyo siku ya kwanza. Na muwe na msemaji mmoja kwa madaktari. Sisi tulikuwa tunapiga simu watano, na wauguzi wakachoka na sisi, nadhani kwa haki.

Kilichonitesa zaidi ni masharti ya kumwona mgonjwa. Mtu mmoja, dakika chache, barakoa usoni. Mama hakuruhusiwa kabisa kwa umri wake. Baba siku zile za mwanzo alijua yuko kwenye wodi ya corona. Hakuna aliyemwambia vingine, kila aliyeingia alikuwa amefunikwa uso, na kwa akili yake watu wa namna ile ni wale waliokuja kuchukua maiti kwa jirani. Alikuwa anajiandaa kufa kwa ugonjwa ambao hakuwa nao. Niligundua pale aliponiambia nisimsogelee nikawaambukiza wajukuu. Nikamwambia, "Baba, huna corona. Mshipa wa moyo uliziba, wamezibua." Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akavuta barakoa yake chini akanikemea kwa sauti ya darasani, "Sasa mbona mmekaa kimya?"

Kwa hiyo mwambieni mgonjwa anaumwa nini. Msidhani daktari amemwambia. Mwacheni na simu iliyojazwa chaji, waya wake, na karatasi yenye namba mbili tatu zilizoandikwa kwa kalamu nene, maana miwani hupotea hospitali. Simu ile ya vitufe ilimfaa Mama kuliko dawa za usingizi tulizokuwa tunamtafutia.

Nyumbani ukaanza utulivu wa ajabu. Kwa desturi yetu mgonjwa akirudi nyumba hujaa, watu huleta maziwa, kuku, machungwa. Safari hii walisimama getini wakapunga mkono. Mtaani ilishajulikana kwamba Mwalimu alikuwa na "ile kitu". Mama alitoka kila siku kueleza kwamba ni moyo, na ninavyojua hawakumwamini.

Dawa ndiyo kazi kubwa ya baada ya hapo. Aspirini na clopidogrel kwa pamoja, kwa kawaida mwaka mzima baada ya stenti, pamoja na ya kushusha lehemu na ya kumtuliza moyo. Wiki chache baadaye clopidogrel ikaadimika kwenye duka tunalonunua, na Baba akapendekeza asubiri mpaka mwisho wa mwezi pensheni itoke. Hapana. Stenti mpya ikikosa dawa hizo inaweza kuziba ghafla, na inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Nunueni kabla hazijaisha, na mtu akitaka kumng'oa jino au kumpasua jipu, aambiwe kwanza mgonjwa anatumia nini.

Kisha ikaja usiku wa tarehe 17 Machi. Makamu wa Rais wa wakati ule, Mama Samia Suluhu Hassan, alitangaza kifo cha Rais Magufuli kwa maradhi ya moyo, akataja mfumo wa umeme wa moyo. Asubuhi yake majirani walewale wa getini wakaingia ndani mpaka sebuleni. Walitaka Mwalimu awaeleze. Akawaweka kwenye makochi akawafundisha kwamba moyo ni kama nyumba, una mabomba na una nyaya za umeme, na kwamba yeye aliharibikiwa bomba, si waya, hivyo wasichanganye. Fundi wa bomba haitwi kwa tatizo la umeme. Alifurahi mno kupata darasa. Mama akawaletea chai, wakainywa, na tangu siku ile hakuna aliyesimama getini.

Mwezi Julai chanjo zikafika nchini, za Janssen, dozi milioni moja na kidogo, na waliotangulizwa walikuwa watumishi wa afya, wenye umri wa miaka 50 na zaidi na wenye maradhi sugu. Baba alikuwa na sifa mbili kati ya hizo tatu, lakini alisita. Aliogopa chanjo ingegombana na dawa zake za damu, na kwenye simu yake zilikuwa zinaingia kila siku sauti za watu wasiojulikana wakiapa hivyo. Nikamwambia asiniulize mimi wala asiulize simu, amuulize daktari wake siku ya kliniki. Akaulizwa kama ana mzio wowote, akasema hana, akaambiwa achanje. Kwenye kituo muuguzi alimwongezea agizo moja tu kwa sababu ya zile dawa: aibonyeze pamba mkononi kwa muda mrefu kidogo kuliko wenzake, asiikande.